Kunguru wa siku ya tisa: shajara ya Kutch

Jumatano, Mumbai

Nimetua alfajiri, na kabla sijatoka uwanja wa ndege nimeshajichanganya. Mzee mmoja tuliyekuwa naye tukisubiri mizigo alisikia Kigujarati changu cha Kisutu akaniuliza naenda kwa nani. Nikamjibu, "Kwa kaka," maana kwa Kigujarati kaka ni baba mdogo. Halafu ulimi ukateleza, nikamalizia kwa Kiswahili: "yule mdogo wake baba." Akatabasamu kwa adabu, akageukia sanduku lake.

Mambo haya nimeyazoea. Sisi Wahindu wa Dar tumelelewa na lugha mbili zinazogombania maneno yale yale. Kwa Kigujarati dada ni babu mzaa baba, kaka ni baba mdogo, mama ni mjomba. Pale mtaani nilikuwa mtoto mwenye dada mwenye ndevu na mama mwenye masharubu, na wenzangu hawakuchoka kunicheka.

Nimekuja na daftari moja. Kurasa za kushoto ni za ninachokiona na ninachoambiwa, kama tulivyofundishwa darasa la anthropolojia Mlimani: nani kasema, wapi, saa ngapi. Kurasa za kulia ni za Ba, bibi yangu mzaa baba, aliyetutoka mwaka 2009 na hadithi zake zote kichwani. Nataka kuandika habari za ukoo wetu, mafundi seremala waliotoka Kutch, kule kaskazini magharibi mwa India, wakaenda Unguja, na baada ya 1964 wakavukia Dar. Mwaka wa tatu huu nauandika na kuufuta. Nikiandika kama mtafiti, Ba anakuwa "mtoa taarifa", naona haya. Nikiandika kama mjukuu, kila mtu kwenye ukoo anakuwa shujaa, na haya inanishika tena.

Hadithi kuu ya Ba ilianza hivi kila mara: "Mwaka wa Chhappaniyo, mbingu ilifungwa." Chhappan ni hamsini na sita. Ni mwaka 1956 wa kalenda ya Vikram Samvat, yaani 1899 kuingia 1900, mvua ilipokataa na njaa ikafagia Gujarat yote, watu na mifugo. Babu mkuu, baba yake babu, aliondoka mwaka huo akiwa na tezo begani na konzi ya uwele ambayo mama yake alimfungia kwenye ncha ya kitambaa. Njiani hakuila. Alipofika Unguja akaipanda, nayo ikaoza kwa mvua. Hapo Ba alikuwa akicheka mpaka machozi: mtu kaikimbia nchi iliyokosa maji, maji yakamuozeshea mbegu.

Treni ya Bhuj inaondoka Bandra jioni.

Alhamisi, Bhuj

Usiku mzima behewani. Mama wa kitanda cha chini anatoka Madhapar, kijiji cha jirani na Bhuj ambacho nusu ya watoto wake wako Nairobi na London. Alinikaribisha karanga akaziita "jugu", nikaruka. Kumbe kijijini kwao neno hilo limerudi na watu na limekaa. Dudu pia wanalo. Naye ndiye aliyenisimulia, huku akimenya jugu zake, habari ya Desemba 1971: ndege za Pakistan zilipoharibu njia ya kurukia ya Bhuj, wanawake wapatao 300 wa Madhapar walikwenda kuitengeneza, wakaimaliza kwa saa 72. Walivaa sari za kijani ili rubani wa adui asiwatofautishe na vichaka. Mnara wa kumbukumbu yao upo. Nikaandika kushoto.

Bhuj yenyewe ni mji wenye kabla na baada. Tarehe 26 Januari 2001 asubuhi ardhi ilitikisika, na katika Kutch na majirani zake wakafa watu wapatao 20,000. Ukimuuliza mtu umri wa nyumba anakujibu kwa tetemeko: "ya kabla" au "ya baada".

Nimeingia Aina Mahal, jumba la vioo la karne ya 18. Fundi wake, Ramsingh Malam, anasimuliwa kuwa alikuwa baharia aliyevunjikiwa na chombo kwenye pwani ya Afrika, akaokolewa na Waholanzi, akakaa kwao miaka na kujifunza vioo, vigae na saa, kisha akarudi kumjengea mtawala Lakhpatji. Malam ni cheo cha mwana-maji anayejua njia ya chombo. Asili yake ni neno lile lile la Kiarabu lililotupa sisi mwalimu. Kilichonikaa ni ile pwani ya Afrika. Kwenye simulizi yao imepata nusu sentensi, mahali pa chombo kuvunjikia tu. Na mimi nimekuja kuwafanyia wao hivyo hivyo: kwenye hadithi ya Ba, Kutch yote ni mahali pa kuondokea.

Ijumaa, kijijini

Kijiji sikitaji. Kiko upande wa Mandvi, na ukitaja jina watu wanajua nyumba.

Kaka ana miaka sabini na mbili. Ni binamu yake baba, lakini huku hakuna binamu, wote ni ndugu. Kaki, mkewe, amenipokea kwa kunishika kidevu, na palepale utafiti ukageuka: yeye anauliza, mimi najibu. Nalipwa shilingi ngapi? Kwa nini sijaolewa? Nyama sili kweli, au nasema tu? Huko kwetu tunamwekea nani taa? Nilipopata nafasi ya kuuliza langu, chai ilikuwa imepoa na yeye alishajua kunihusu mengi kuliko niliyokuwa nimepanga kujua kumhusu yeye.

Alinikemea kidogo pia. "Umechagua siku gani za kuja, dikri!" Dikri ni binti. Tuko katikati ya shraddh, nusu ya mwezi inayotengwa kwa ajili ya wafu. Siku hizi watu hawaozi, hawanunui gari, hawahamii nyumba mpya. Kila marehemu hukumbukwa katika siku ya mwezi aliyofia: aliyekufa siku ya tano ya mwezi anapikiwa siku ya tano, na kuendelea. Anapikiwa dudhpak, yaani maziwa yaliyochemshwa taratibu na mchele kidogo, sukari na iliki, na puri za kuchovya. Kabla mtu hajala, sehemu moja inapelekwa darini kwa kunguru. Kunguru akila, mhenga amekula.

Jikoni ipo kalenda ya ukutani ambayo Kaki ameitia alama kwa kalamu ya mtoto. Tano ni baba mkwe. Kumi na moja ni shemeji. Kwenye tisa hakuna jina, ni duara tu. "Nom ni ya wote," akasema, akageuza puri. "Ya wanawake waliokufa mume akiwa hai. Hata kama alikufa siku gani ya mwezi, yeye siku yake ni ya tisa."

Nikaandika kushoto: nom, waliotangulia waume. Nikaenda zangu kulala.

Nje ya kijiji, chini ya mwarobaini, yamesimama mawe ya paliya, makaburi ya heshima yasiyo na mtu ndani. La mwanamume lina mpanda farasi mwenye mkuki. La mwanamke aliyeungua pamoja na maiti ya mume wake lina mkono mtupu uliokunjwa kwenye kiwiko, na bangili zake, kiganja wazi kimeelekezwa kwako. Mkono tu, bila uso. Nimelitazama kwa muda nisioweza kuueleza, na mbuzi akaja kujikuna pale pale kwenye kiganja.

Jumamosi, Mandvi

Leo nimeshinda kwenye ukingo wa mto Rukmavati, wanakojenga vyombo vya mbao hadi hii leo. Vinasimama mchangani kama mifupa ya nyangumi, ghorofa mbili tatu kwenda juu, katikati ya mji, pikipiki zikipita kando. Mbao nyingi sasa zinatoka Malaysia, na chombo kikishashushwa kinatiwa injini, maana hakuna anayengoja kaskazi tena.

Kaka alinitafutia fundi mzee. Alinipima kwanza. Alishika kifaa akaniuliza kwa Kikachi, "Hiki kwenu mnakiitaje?" Nikasema, "Randa." Akacheka, akawaita wenzake: randho yao na randa yetu ni mtu na pacha wake. Akashika tezo. Wao wanaita vansalo, hapo tukaachana. Tukaendelea: gari, laki, hundi, na kotia, chombo kile kile na jina lile lile huku na kule. Ilikuwa kama watoto wanaobadilishana gololi.

Halafu akarudi kazini, na hapo ndipo nilipomwona Babu mkuu kwa mara ya kwanza, kwa namna ya kusema. Fundi alikuwa anatia kalafati. Anachukua uzi wa pamba mnene kama kidole, anaupaka mafuta, anaulaza kwenye ufa kati ya mbao mbili, kisha anaupigilia ndani kwa patasi butu na nyundo. Hapigi kwa nguvu. Mpigo mmoja wa kusukuma, mmoja wa kusikiliza. Sauti inaanza wazi, tok, tok, halafu inazidi kuwa nzito kadiri pamba inavyojaa, mpaka inakuwa kama mtu anayegonga gogo lililolowa. Hapo anasogea nusu shibiri. Ba alikuwa akigonga meza hivyo hivyo kwa pingili ya kidole akisimulia: wazi, wazi, nzito, anasogea. Nilidhani ni mbwembwe za msimuliaji. Ba hakuwahi kukanyaga Mandvi. Aliupata kwa mumewe, aliyeupata kwa baba yake.

Niliandika wapi hili, kushoto au kulia? Niliandika katikati, juu ya mshono wa daftari.

Nikamuuliza fundi habari za waliokwenda Afrika. Akasema walikuwa wanaondoka baada ya Diwali, upepo ukishageuka, na wakirudi wanarudi na kusi kabla bahari haijachafuka. Wake zao wengi walibaki. Kuvuka maji meusi lilikuwa jambo la kuchafua tabaka. Mwanamume akirudi anatakaswa, mwanamke hata kuondoka haondoki. "Wanaume walihesabu fedha," akasema bila kuinua kichwa. "Wanawake walihesabu pepo."

Kuna kijana pale aliyenieleza pia kwamba aliyemvusha Vasco da Gama kutoka Malindi mwaka 1498 alikuwa mtu wa Kutch, Kanji Malam. Kwetu watu wengi wamekua wakisikia ni Ibn Majid. Sikubishana. Kila bandari ina mtu wake aliyemwonyesha Mreno njia, na cha ajabu ni kwamba wote wanalitaja jambo hilo kwa fahari.

Jumapili

Tumbo. Nimelala siku nzima, nikinywa maji ya mchele na chumvi, mvua ya mwisho ya msimu ikipiga bati la zizi.

Kitandani nimemfikiria M. N. Srinivas, mwanaanthropolojia wa India. Mwaka 1948 alikaa katika kijiji cha Rampura, jimbo la Mysore, akaandika kila kitu. Mwaka 1970 akiwa Stanford, watu walichoma moto jengo alimokuwa na ofisi, na madokezo yake aliyokuwa ameyachakata kwa miaka yakateketea. Akaketi akakiandika kijiji kwa kumbukumbu. Wengi wanaona ndiyo kazi yake bora. Nilipoisikia habari hiyo Mlimani niliichukulia kama tahadhari ya kuweka nakala. Leo naiona vingine: moto ulimwachia kurasa za kulia peke yake, na naye akazitumia bila kuona aibu.

Hata hivyo yeye alikikumbuka kijiji alichokaa. Mimi nakumbuka kumbukumbu ya mtu mwingine.

Jumatatu

Barot amekuja.

Wavahivancha Barot ni watu wa kazi ya nasaba. Kila ukoo una Barot wake, ambaye huzunguka na vitabu vyake, vahi, akipita kwa wateja kila baada ya miaka kadhaa kuandika waliozaliwa na kuwasomea wahenga wao. Ni kama tungekuwa na mtu wa kupita nyumba kwa nyumba na tarehe ya Pate, yaani habari za wafalme wa Pate, mkobani, kila nyumba na tarehe yake. Watafiti A. M. Shah na R. G. Shroff waliwaandika mwaka 1958 na kuwapa sifa mbili kwa mpigo: watunza nasaba, na watunga visasili.

Huyu wetu ana umri wa miaka arobaini hivi, shati la mistari, pikipiki. Kitabu kilikuwa kwenye mfuko wa plastiki wa duka la nguo, na ndani ya plastiki kitambaa chekundu. Mwaka 2001 babaye alikichimbua kwenye kifusi kikiwa ndani ya sanduku la bati. Kona moja imebonyea hadi leo. Alisita kukifungua. Si siku za mambo mema hizi, akasema. Kisha akajijibu: "Lakini tunawasoma wafu, na siku ni zao."

Kaki akakiweka juu ya kigoda, akakipaka kanku, unga mwekundu wa ibada, na punje za mchele kama mgeni mheshimiwa. Kitabu ni chembamba na kirefu, kinafunguka kwenda juu badala ya pembeni, na mwandiko wake Kaka, aliyesoma Kigujarati hadi sekondari, hawezi kuufuata. Mwenyewe Barot hausomi, anauimba. Alianzia kwa Vishwakarma, fundi wa miungu. Akashuka vizazi vya watu wenye majina kama ngurumo, wote mashujaa. Halafu, bila kuvuta pumzi, bila kupunguza sauti, akawa anasoma watu wenye vijiji, wenye wake, wenye visima. Nilikuwa nimekaa na kalamu tayari kuweka alama pale kisasili kinapoishia na historia inapoanzia. Nikapitwa. Nikamwomba arudie, nikapitwa tena.

Wanawake wapo kitabuni, nakiri nilitarajia wasiwepo. Mke anaandikwa kwa jina, binti wa nani, wa kijiji gani. Binti naye anaandikwa. Nilimuuliza kama mimi nitaandikwa. "Utaandikwa," akasema, akafungua kalamu. "Mstari wako tu ndio hauendelei."

Tukafika kwa Babu mkuu. Barot akaimba jina, akaimba la baba yake, kisha: alikwenda Jangbar, Samvat 1952.

Jangbar ni Zanzibar. Lakini hamsini na mbili?

Nikamsimamisha. Kaka akasema mwandishi anaweza kukosea, vitabu hivi vinanakiliwa kutoka vitabu vya zamani. Barot hakukasirika, alinigeuzia ukurasa. Herufi zinanishinda, namba nazijua. Ilikuwa 52. Hiyo ni 1895 au 1896, miaka minne kabla ya njaa. Na chini yake, kwa mkono ule ule na wino ule ule, 56, mara mbili, ubavuni mwa majina mawili.

Jina la kwanza ni la mke wake. La pili la binti yao. Mbele ya kila moja hakuna neno zaidi ya mwaka.

Chini yake tena: mke wa pili, Samvat 1961. Huyo tunamjua sote, ndiye aliyemzaa babu huko Unguja.

Kaki alivuta ncha ya sari akafunika kichwa. Hakuna aliyesema kitu mpaka Barot alipokohoa na kuuliza kama aendelee.

Jumatatu, usiku

Silali. Naandika kulia.

Kwa hiyo Babu mkuu hakuikimbia Chhappaniyo. Njaa ilipofika hapa, yeye alikuwa Unguja wa miaka minne, mtu wa kazi, wa malipo, wa wali. Wao wawili walikuwa hapa. Na hadithi, mahali fulani kati ya mdomo wake na wa Ba, imemchukua ikamrudisha ndani ya njaa, ikamfungia uwele kwenye kitambaa, ikamwondoa upya akiwa hana hatia.

Au labda siyo hivyo. Labda uwele ni wa kweli, na aliyeufunga ni mke, si mama.

Jambo lililoniinua kitandani ni jingine. Ba alikuwa akipika dudhpak mara tatu kila mwaka. Moja ya Babu mkuu, moja ya mama mkwe wake, na moja ambayo sikuwahi kuijua ya nani. Nilimuuliza nikiwa na miaka tisa au kumi, tukiwa juu ya dari Kisutu, naye akasema, "Ya yule wa mwanzo." Nilidhani ni mhenga wa mwanzo kabisa, kama Adamu. Tuliweka sahani ukingoni, kunguru wakashuka kama mvua. Hawa kunguru weusi wenye shingo ya kijivu waliojaa Dar siyo wa asili. Waliletwa Unguja kutoka India miaka ya 1890 ili wale taka. Ba alikuwa akisema, "Hawa wametufuata mpaka huku kuja kula shraddh." Sasa nazihesabu zile tarehe: walivuka karibu wakati mmoja na Babu mkuu.

Sahani hiyo ya tatu ilikuwa siku ya tisa. Nakumbuka kwa sababu Ba alikuwa akiuliza kalenda ya hekaluni, "Nom lini?" Na mama mkwe wake hawezi kuwa wa nom. Alikufa mjane.

Kitabu peke yake kingenipa majina mawili na mwaka. Ningeyaandika kama "vifo viwili". Kaki peke yake angenipa kanuni ya siku ya tisa, mfano mzuri wa kuweka kwenye aya. Ba peke yake alinipa hadithi ya uongo, na huku mkono wake mwingine umeshika sahani.

Jumanne

Barabarani wameanza kupita watembea kwa miguu wanaoelekea Mata no Madh, kwa mungu mama Ashapura, ili wafike sikukuu ya Navratri inapoanza. Bendera nyekundu, ndala, spika begani. Watu wa vijijini wanawawekea vibanda vya chai na kuwakanda miguu. Kwa siku nyingine ningefuatana nao hata nusu siku.

Nimebaki na Kaki jikoni. Nilimuuliza kama niandike. Alichambua dengu kitambo kirefu. "Andika," akasema. "Ila usiandike kwamba aliwatupa. Alikuwa anatuma hundi." Kaka, akiwa barazani, akasema hakuna aliyewahi kuziona hizo hundi. Kaki akamjibu kwamba hundi zikilipwa huwa hazionekani. Inawezekana. Inawezekana pia fedha ilifika na nafaka haikuwepo ya kununua. Nimeandika kushoto: Kaki anasema alituma. Ndivyo itakavyobaki, na mtu asinitake niseme zaidi.

Nitaandika kwa Kiswahili, na Kaki hasomi Kiswahili. Hilo linanipa uhuru ambao sina hakika nimeustahili.

Jumatano, nom

Maziwa yamewekwa jikoni saa kumi na moja alfajiri. Kaki hakuniuliza kama nataka, alinipa mwiko. Dudhpak haitaki moto mkali wala mtu mwenye haraka: unakoroga ukigusa chini ya sufuria muda wote, unakwangua utando wa kando na kuurudisha katikati, mpaka maziwa yanapungua theluthi na kupata rangi ya karatasi ya zamani. Mkono uliniuma. Kaki akatia mchele uliopakwa samli, baadaye sukari, mwisho kabisa iliki na uzi mmoja mmoja wa zafarani.

Akaweka sahani ya kwanza, akataja wanawake wa nyumba yake. Kisha akachukua sahani ya pili, akanipa mimi. "Wa kwenu umtaje mwenyewe."

Jina ninalo. Silitaji hapa, lakini pale darini nililitaja, na kwa kadiri nijuavyo ilikuwa mara ya kwanza katika miaka mingi.

Kunguru hawakuja. Tulisubiri, jua likapanda. Kaki aliita, "Kaagvaas! Kaagvaas!" Kwenye paa la jirani walikuwepo wanne, wanatutazama. Kunguru wa Kutch wana adabu kupita wa Kisutu, au wana chakula kingi siku hizi, kila nyumba inawapikia.

Nikampigia baba Dar. Nilimweleza yote huku nimechuchumaa kando ya sahani: hamsini na mbili, hamsini na sita, binti, siku ya tisa, Ba. Alisikiliza kimya. Alipenda kumwita Babu mkuu "mkimbizi wetu", na niliogopa nimemnyang'anya kitu. Mwishoni nikamtajia jina la yule mke.

Kimya kikawa kirefu mpaka nikadhani simu imekatika.

"Hilo," baba akasema, "si ndilo jina la shangazi yako?"

Nilikuwa nimelitamka tangu Jumatatu na halikunijia. Shangazi kwetu tunamwita foi, au kwa jina la utani; jina lake kamili liko kwenye pasi tu. Na mtoto kwetu hapewi jina na mama wala baba. Anayempa ni foi wake, dada wa baba. Kwa hiyo si Ba aliyelichagua. Aliyelichagua ni dada yake babu, mtoto wa mke wa pili, aliyezaliwa Unguja na hakuwahi kuiona Kutch.

"Basi walikuwa wanajua," nikasema. "Wote."

"Mimi sikuambiwa," akasema baba. Kisha, baada ya kidogo: "Kunguru wamekuja?"

"Mmoja," nikamwambia, maana ndiyo kwanza alikuwa ametua. "Kachukua puri. Dudhpak kaiacha."

"Mngoje," akasema. "Atarudi."

Nikakaa.